Gari la Shemeji Ismaili Lililokataa Mguu Wangu

Mmeniuliza barazani, mmeniuliza tukitoka msikitini, na mmoja wenu ameniuliza nikiwa na pini saba mdomoni. Kila nikianza kusimulia huku nashona, naharibu kazi ya watu. Juzi mteja mmoja ameondoka na gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Basi nimeandika. Someni, halafu mniache na cherehani yangu.

Mnanijua. Kwangu mimi kutoka Mafubira hadi soko la Jinja ni safari, na nikirudi napenda kuulizwa hali ya huko. Kwa hiyo mliposikia kwamba Twaha fundi nguo ameendesha gari mwenyewe mpaka Mbale, tena mwaka ambao askari walikuwa bado barabarani, mlicheka. Hata mimi nilicheka, ila mimi nilicheka kwa woga.

Kwa wasiojua: dada yangu mkubwa, Zaina, ameolewa Mbale, mtaa wa Nabuyonga. Mumewe, Ismaili, alikuwa dereva wa gari la kukodi, saluni ya zamani yenye rangi ya chai ya maziwa, mkono wake wa gia ukiwa pale pale kwenye usukani. Vita vilipokuwa vikali, Ismaili alifika kwangu asubuhi moja akaniambia, "Shemeji, barabara inakula magari. Nifichie hili, mimi nitapanda lori." Akachukua mkate, akaondoka. Lori lilifika Mbale. Ismaili hakufika.

Miaka miwili ilipita. Wazee wa huko walimwambia Zaina akae eda, avae nguo za mfiwa, mambo yaishe. Akawajibu, "Sikai eda ya uvumi. Nileteeni mtu aliyemwona." Hakuwa mke wala hakuwa mjane, alikuwa mtu wa kusikiliza barabara. Vita vilipotulia upande wetu alinitumia maneno kwa msafiri: "Twaha, niletee gari. Akirudi, alikute nyumbani. Asiporudi, niwe na kitu chake cha kukiuliza."

Ndiyo sababu. Haikuwa nyingine.

Kutoka bandani

Kwa miaka miwili gari lilikaa nyuma ya nyumba yangu, limefunikwa mabati na majani ya migomba, mbele nimejenga ukuta wa matofali mabovu ili lifanane na jiko lililobomoka. Mimi ni fundi mbaya wa matofali, kwa hiyo lilifanana sana. Kuku walihamia humo. Jike mmoja mwekundu aliangulia ndani ya gari na hakujua nyumba nyingine duniani. Siku ya kuondoka nilimtoa mara tatu, akarudi mara tatu kwa dirisha la nyuma, akakaa kwenye kiti akinitazama kama abiria aliyekwisha lipa. Nikamwacha.

Fundi Badru alikuja kutoka mjini na betri na mafuta. Injini ikakohoa moshi wa kuku na majani, ikawaka. Akakanyaga klachi, akavuta mkono wa gia. Gari likasaga meno mpaka jirani akafungua dirisha.

"Giaboksi imekwisha," alisema Badru. "Meno yamelika yote."

"Si giaboksi," nikamwambia. "Ni mguu."

"Mguu gani?"

"Wangu."

"Mwalimu," maana huniita mwalimu kwa sababu nilimaliza sekondari, "aliyekanyaga sasa hivi ni mimi. Mguu wako una meno?"

Nilimweleza kwamba gari limemzoea Ismaili. Msicheke. Ismaili alinifundisha kuendesha wiki moja tu, na wiki nzima gia zilipiga kelele kama mtu anayesaga changarawe. Akikaa yeye, ziliingia kimya, kama mkono unavyoingia kwenye mkono wa kanzu. Akanicheka: "Shemeji, una mguu wa cherehani. Unakanyaga mara kumi panapotaka mara moja." Na si mimi tu. Nabuyonga nzima walijua gari la Ismaili likija na kelele, basi anaendesha mtu mwingine. Likija kimya, Zaina huweka chai jikoni, hata hachungulii.

Basi niliamini. Miaka miwili niliamini kwamba mguu wangu una kasoro, na nikikanyaga cherehani niliutazama kwa masikitiko.

Mafubira hadi Iganga

Niliondoka alfajiri ikiwa imekwisha pambazuka, kwa gia ya kwanza iliyoingia kwa kelele na ya pili iliyoingia kwa dua. Ya tatu ilipoingia niliapa kutoibadilisha mpaka Mbale.

Wanyange palikuwa na ukungu. Ziwa sikuliona, niliona tu mahali ambapo ukungu ulikuwa mweupe zaidi, na akina mama waliopanda kutoka huko na makarai ya samaki vichwani, miguu yao haionekani, kana kwamba wanaelea. Mmoja alinipungia. Nikampungia, gari likaenda kidogo kwenye majani, likarudi lenyewe.

Baada ya hapo miwa. Mnakumbuka mashamba yale yalivyokuwa yamenyooka kama mistari ya daftari? Yalikuwa yamegeuka pori, yamelala barabarani, na gari likapita katikati yake kama kitana kwenye nywele zisizochanwa. Kando ya njia yalikaa magari yaliyoungua, mashina ya maua ya njano yametoka madirishani. Ndege waliingia na kutoka. Nilijikuta nawasalimia waliomo, ingawa hawakuwemo.

Kabla ya Iganga, kizuizi. Gogo moja, kamba moja, askari watatu vijana.

"Mzee, gari hii nakwenda wapi?"

"Mbale, afande."

"Nabeba nini?"

"Kuku, afande. Mmoja."

Walimtazama kuku, kuku akawatazama. Kisha mkubwa wao akaniambia nirudi nyuma kidogo, kivuli cha gari kimemfunika mwenzao aliyekuwa anaota jua. Nikakanyaga klachi mpaka chini, nikatia rivasi.

Sijui kama mmewahi kuona watu watatu wakilala kifudifudi kwa pamoja. Mlio ule ulikuwa mbaya kuliko siku zote. Bunduki zilielekea kwenye miwa, gogo likabaki bila mtu, na mimi nikabaki nimeinua mikono miwili, mguu bado uko kwenye klachi, nikiomba radhi kwa niaba yake.

Walipoinuka walicheka kwanza wao, kisha wakaniruhusu na mimi kucheka.

"Mzee," alisema mkubwa, akijipangusa vumbi, "usitie gia hapa tena. Sisi tutasukuma." Wakanisukuma mpaka upande wa pili wa gogo. Nikasikia mmoja akisema nyuma yangu, "Gari hii hata mwizi nakimbia."

Maneno yale yalikuwa na maana kubwa kuliko aliyeyasema alivyojua. Lakini nilikuwa nafikiria chai.

Iganga, saa tatu chini ya gari

Chai niliipata kwa fundi Waiswa, mtu mnene mwenye karakana ya mabati matatu na mti mmoja wa kuning'inizia injini. Gari lilizimika mbele yake lenyewe, kama ng'ombe anayejua josho.

Waiswa ni mtu wa kueleza. Alinikalisha kwenye tairi, mkewe akaniletea viazi vitamu na mchuzi wa njugu, naye mwenyewe akanihutubia.

"Klachi ina magonjwa mawili, ssebo, bwana wangu. La kwanza, inateleza: injini inalia, gari haliendi, hasa mlimani, na unasikia harufu kama nguo inaungua. La pili, haiachii: umekanyaga mpaka chini lakini injini na giaboksi bado zimeshikana mikono. Ndiyo maana gia zinasaga. Kanyaga. Hesabu mpaka tano. Tia rivasi."

Nikakanyaga, nikahesabu, nikatia. Watoto wa shule wakaziba masikio.

"Umeona? Gia ni nzima tu. Kama ingekuwa giaboksi, kelele zingekuwepo hata ukienda. Hii haiachii."

"Ni mguu wangu," nilimwambia, kwa kuwa sikutaka apoteze wakati wake.

Akanitazama muda mrefu. "Vua kiatu," akasema. Nikavua. Akautazama mguu, akaubonyeza kisigino, akasema kwa upole, "Mguu huu hauna neno. Una gaga tu."

Kisha akaingia chini ya gari. Nilimsikia akigonga na kuimba. Alitoa hewa kwenye bomba la mafuta ya klachi, haikusaidia. Akasema labda sahani ya klachi imeshikana kwa kutu kwa kukaa sana, akaiendesha huku na huku amekanyaga, haikusaidia. Akarudi chini.  Kisha akatoka, amekunja uso.

"Kuna mahali pamefungwa," alisema. "Pale kwenye kijiti kinachosukuma klachi. Kitambaa, halafu mpira wa tyubu, halafu lami."

"Pafungue basi."

Akanitazama kama nimemwambia amfungue mtu kidonda. Nyinyi mnakumbuka miaka ile. Spea hazikuwepo, kila gari lilikwenda kwa vitambaa na mipira, na mafundi walikuwa na sheria yao moja: kamba ya fundi mwenzako hufungui. Hujui imeshika nini. Ukiifungua kikamwagika kilichomo, huna cha kukirudishia, na gari linakufia mikononi.

"Aliyefunga pale alijua anachofanya," alisema Waiswa. "Amefunga vizuri sana. Mimi sigusi."

Nikavaa kiatu. Akanipa viazi vya njiani, na ushauri: nikisimama kwenye mlima, nizime, nitie gia, kisha niwashe ikiwa ndani ya gia, litaruka lenyewe. Liliruka. Kuku alianguka kutoka kitini, akapanda tena.

Namutumba, abiria wa pili

Nilichagua njia ya udongo inayopita Namutumba, kwa sababu niliambiwa ni fupi. Ni fupi kwenye karatasi. Mchana ule ilikuwa nyekundu na ndefu na laini, vumbi limesimama hewani bila kuanguka, na kila nilipodhani nimefika mahali, mahali pale palijisogeza mbele.

Namutumba mtu alisimama katikati ya njia na mkono juu. Sare ya magereza, buti, begi la turubai. Mkubwa wa mwili, mvi kidogo masikioni. Kuona sare nikasimama papo hapo, mnajua kwa nini.

"Nakwenda Mbale?"

"Ndiyo, afande."

"Nisaidie. Lori yetu imekufa."

Akaingia, akamkuta kuku, akamchukua akampakata bila kuuliza, kama watu waliozoea kuishi na kuku. Alisema jina lake ni Opolot, kwao ni Teso, amehamishiwa kituo cha Mbale. Nikatia gia. Likasaga. Nikaona mikono yake imeacha kumpapasa kuku.

 Tukaenda. Kila nilipobadilisha, gari likapiga kelele, na kila likipiga kelele yeye aligeuka kidogo kunitazama, mimi na mkono wa gia, mimi na mkono wa gia. Nilidhani anapanga kuninyang'anya. Nikaanza kumweleza habari za mguu wangu, kirefu, pamoja na cherehani, ili anione mtu asiye na hatari.

Juu ya kinamasi cha Mpologoma

Barabara inavuka mto Mpologoma juu ya tuta, na pande zote mbili ni mafunjo mpaka macho yanapochoka. Upepo ukivuma, mafunjo yote yanainama pamoja na kuinuka pamoja, na mtu aliye juu ya tuta hudhani ni yeye anayeyumba. Hapo katikati, ng'ombe walivuka. Nikapunguza, nikataka gia ya pili, nikakosa, nikataka ya kwanza, nikakosa, gari likazimika.

Kimya kikawa kikubwa. Vyura, ndege, maji yasiyoonekana.

"Gari hii ya nani?" aliuliza Opolot.

"Ya shemeji yangu."

"Iko wapi, shemeji yako?"

"Hatujui, afande."

Akaniwekea kuku mapajani, akashuka, akavua shati la sare, akalikunja vizuri juu ya boneti. Akaingia chini ya gari kwa mgongo. Nilimsikia akipapasa. Kisha sauti yake ikatoka chini, ndogo, si ya mtu mkubwa vile.

"Iko."

"Nini iko?"

"Kitambaa. Mpira. Lami. Alisema iko hapa."

Nilishuka na kuku wangu, nikapiga magoti kwenye vumbi. Alikuwa amekwangua lami kidogo kwa kucha, na chini yake pakaonekana nguo ya zambarau. Niliijua nguo ile. Ilikuwa ya sare za shule nilizoshona mwaka ule Ismaili aliponifundisha kuendesha, kipande kilichopotea mezani kwangu, na kwa ajili yake nilimsingizia mbuzi wa jirani. Mstari wa chaki yangu ulikuwa bado upo.

Opolot akatoka, akakaa kwenye tuta, miguu inaning'inia upande wa mafunjo. Nami nikakaa. Alianza kusema bila kunitazama.

"Mimi nilikuwa askari jela, wakati ile. Gereza iko upande huu wa mashariki, jina yake wacha. Walileta watu kutoka lori. Hakuna kesi, hakuna karatasi. Moja alikuwa dereva. Yeye alisema, 'Gari yangu hakuna mtu atachukua. Nimelegeza nati moja, klachi haiachii. Halafu nimefunga juu yake kama kidonda. Askari atasikia kelele atatupa. Fundi ataona kamba ataogopa. Mimi tu naweza kuendesha, kwa sikio.'"

"Kwa sikio?"

"Ndiyo. Aliwafundisha wote. Kila jioni, baada ya kula posho. Watu ishirini, wamekaa chini, mguu sakafuni, mkono hewani. Yeye nafanya injini na mdomo. 'Sasa tumetoka Jinja. Hii ni Wanyange, angalia ziwa. Sasa mlima, sikiliza, injini nataka nini?' Kama mtu nabadilisha vibaya, wote wanasaga na meno, krrr, wanacheka. Kila jioni walikwenda Mbale. Mimi nimesimama nje ya mlango na bunduki. Mimi pia nilikwenda."

Mafunjo yakainama, yakainuka.

Sikutaka kuuliza. Nilifikiri nisipouliza, tunaweza kukaa pale juu ya tuta siku zote, mimi na yeye na kuku, na Zaina ataendelea kuweka chai. Lakini ndilo jambo nililotumwa, ingawa hakuna aliyenituma kwa maneno hayo.

"Alikwenda wapi?"

"Homa. Siku nne. Hakuna dawa, hata sisi askari hatukuwa nayo." Akanyoosha kidole kuelekea mashariki, ambako mlima wa Masaba ulikuwa umeanza kuonekana, wa buluu, mkubwa, bila miguu. "Aliniuliza Maka iko upande gani. Mimi ni Mkristo, sijui Maka. Nikamuonyesha mlima ile. Nilikosea?"

Nilihesabu kichwani kama mtoto wa jiografia, nikaona Maka iko kaskazini. "Kidogo," nikamwambia. "Kidogo sana, afande."

"Nilimzika kuelekea huko. Mimi mwenyewe, na watu wake wa ile gari ya jioni."

 Nilimlilia shemeji yangu pale, na nakiri kwamba katikati ya kilio nilikasirika pia: miaka miwili nimeulaumu mguu wangu! Alijua. Alinicheka akijua. Nikasikia kicheko chake kabisa, na nikacheka, na Opolot akanitazama kama mtu anayeelewa mambo yote mawili.

"Nikaze nati?" aliuliza. "Spana hakuna, lakini najaribu."

"Hapana. Kamba yake, afande. Hebu iache."

"Basi mimi nakufundisha kama yeye alifundisha."

Tirinyi hadi mnara wa saa

Hivi ndivyo inavyofanywa, kwa faida ya yeyote kati yenu atakayerithi gari la mkaidi. Zima. Tia gia ya kwanza. Kanyaga, washa, liondoke. Likifika mahali injini inapoanza kulalamika, achia mafuta, ondoa gia, usiiweke nyingine. Ngoja. Hapo ndipo mimi nilipokuwa nakosea: sikungoja. Injini inashuka sauti, inashuka, inashuka, na kuna mahali inakuwa sawa na mwendo wa magurudumu, na mkono wa gia wenyewe unakuwa mwepesi kwenye vidole. Hapo. Si kabla. Ukitaka kurudi gia ya chini, unaipa mafuta kidogo ipande, kisha unatia.

Opolot alifanya injini kwa mdomo, mimi nikafanya injini kwa injini. Mara ya kwanza, krrr. "Wanacheka," alisema. Mara ya pili, krr ndogo. Kabla ya Budaka gia ya tatu iliingia bila sauti yoyote, na ilikuwa kama sindano inapopita kwenye kitambaa chembamba, hujui imepita mpaka uone uzi. Nikaitoa, nikaitia tena. Nikaitoa, nikaitia tena. Mlima ulikuwa unakua mbele yetu, mashamba ya mpunga yana anga ndani yake, na mimi, Twaha wa Mafubira, nilikuwa naendesha kama Ismaili.

Kwenye mnara wa saa wa Mbale nikamwambia, "Afande, twende wote. Umwambie mwenyewe. Wewe ndiye uliyemwona."

Alikuwa amevaa shati lake tena, vifungo mpaka shingoni. Akakataa kwa kichwa. "Mama ile anakaa siku zote nasikiliza mlango. Anafungua, anaona sare hii kwanza? Hapana. Wewe ndugu, sema wewe. Halafu, kama anataka kuniuliza, mimi niko kituoni. Nitakuja bila sare. Nitajibu yote."

Akanirudishia kuku. Akaligusa boneti mara moja, kama mtu anayeaga, akaenda.

Nabuyonga, mara mbili

Sasa nifike mahali ambapo mnanitaka, na ambapo mimi sipataki.

Toka mnara wa saa nilikuwa napanga maneno. Dada, kaa chini. Hapana. Dada, nimekutana na mtu. Hapana. Lakini kuna kona mbili na mteremko mmoja, na kila kona inataka gia, na mikono yangu ilikuwa na furaha yake mpya ambayo haikujua habari ya kichwa changu. Ya tatu, ya pili, kimya. Kona. Ya tatu, kimya. Nilijisifu. Naandika hivi ili mjue: nilijisifu. Niliingia mtaa wa Nabuyonga jioni, mwanga wa jua bado uko juu ya ukingo wa mlima, gari likiteleza kama mashua, hakuna hata mtoto aliyegeuka.

Mlango wa Zaina ulikuwa wazi. Nikasikia sufuria ikiwekwa jikoni, na sauti yake, ya kawaida kabisa, ya mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana:

"Umechelewa leo. Chai hiyo naweka."

Akatoka akijifuta mikono kwenye kanga.

Sitaandika uso wake. Nilikuwa nimekaa kwenye usukani, kuku yuko begani, na nilielewa nilichokifanya. Nilimletea gari kwa mguu wa mumewe.

"Twaha," alisema.

"Dada."

"Ni wewe uliyekuwa unaendesha?"

"Ni mimi."

"Nani amekufundisha hivyo?"

Nikamwambia. Sikumkalisha chini, hakuna neno hata moja kati ya yale niliyoyapanga lililokuja. Nilimwambia habari za Opolot, za nati na kitambaa cha zambarau, watu ishirini wakienda Mbale kila jioni, homa siku nne, na mlima. Alisikiliza ameshika mlango wa gari kwa mikono miwili. Majirani walikuwa wameanza kutoka. Nilipofika kwenye mlima aligeuka akautazama, kwa kuwa pale kwao umesimama juu ya paa.

"Alisema yeye mwenyewe alimzika?"

"Kwa mikono yake. Atakuja umuulize. Ameomba aje bila sare."

 Chai ilichemka ikamwagika motoni, tukaisikia.

Kisha akasema, "Rudi."

"Wapi, dada?"

"Rudi mpaka kwenye kona. Uje tena. Lakini uje kama wewe."

Sikuelewa, halafu nikaelewa. Nikaligeuza gari, nikaenda mpaka kwenye kona, nikasimama. Nikakanyaga kama ninavyokanyaga cherehani. Sikungoja chochote, sikusikiliza chochote, nikautia mkono wa gia kwa nguvu zangu zote za ujinga, na gari likapiga kelele mpaka kunguru wakaruka juu ya shule. Ya kwanza, ikasaga. Ya pili, ikasaga. Watoto wakakimbia pembeni wakipiga kelele, mzee mmoja akanitukana kwa Kigisu, kuku akajificha chini ya kiti. Nililia njia nzima na gari likalia pamoja nami, mpaka mlangoni.

Zaina alikuwa amesimama pale pale, kanga ameivuta kichwani. Alisubiri mpaka injini ikazima.

"Karibu, mdogo wangu," alisema. "Ingia. Shemeji yako amefariki."

Jioni ile alianza kuhesabu eda yake. Nilikaa naye siku kumi, nikamshonea nguo nyeupe mbili kwa cherehani ya jirani. Siku ya sita Opolot alikuja, amevaa shati la kawaida lisilomtosha. Zaina akaketi nyuma ya pazia, yeye upande wa pili, nao wakazungumza kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Mimi nilikuwa barazani. Sikusikia maneno. Nilichosikia mara moja ni sauti ya mtu mkubwa akiiga injini inayopanda mlima, na dada yangu akicheka.

Mimi nilirudi kwa basi. Gari liko kwake, kuku yuko ndani ya gari. Nati haijakazwa. Eda ikiisha, amesema, atajifunza mwenyewe, kwa sikio.